Nilivyomfanya Mama Kulwa azime friji lake ili nipate picha za satelaiti

Wakuu, poleni na majukumu. Kwa watu wa kwetu Usukumani, mwangaluka.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Katoro. Mke wangu ameusoma uzi huu wote kabla sijaupandisha, na amenirekebisha sehemu moja ambayo nilikuwa nimejipendelea. Kwa hiyo mnachosoma kimeshapita kwa mkaguzi.

Nijitambulishe kidogo. Ni mwalimu wa fizikia, shule ya kata, nje kidogo ya mji. Mke wangu ni Mama Neema, na Neema ndiye mtoto wetu wa pekee. Sinywi, mpira nimepunguza, na sijawekeza kwenye shimo la dhahabu kama wenzangu wengi wa ofisini.

Starehe yangu ni moja tu. Redio.

Sio redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Naongelea SDR. Kwa asiyejua: ni kidude kidogo kama flash, kinaitwa dongle, unakichomeka kwenye laptop, upande wa pili unafunga antena, halafu kazi yote ya redio inafanywa na programu ndani ya kompyuta. Unayaona mawimbi kwa macho. Kila kituo kinajichora kama mstari unaoshuka kwenye kioo.

(Kabla hamjaniuliza: mimi napokea tu. Sirushi chochote.)

Kilichoniteka ni satelaiti za hali ya hewa. Zinapita juu yetu mara kadhaa kwa siku, kila moja inakaa angani dakika kumi hivi, na muda wote huo inamwaga picha ya dunia chini yake. Bure. Ukiwa na antena ya vipande viwili vya aluminium vilivyokaa kama herufi V, unaweza kuipokea ukiwa uani kwako na kandambili miguuni.

Siku ya kwanza niliposoma kwamba hilo linawezekana, niliusoma ukurasa ule mara mbili, kama mtu aliyeambiwa siri. Ziwa lote, kuanzia Mwanza mpaka ng'ambo, ningeliona kutoka uani kwangu.

Sasa tuingie kwenye mkasa.

Mawimbi ya satelaiti yakifika chini yamechoka, ni dhaifu sana. Ndiyo maana watu wanatumia amplifier ndogo, inaitwa LNA. Ni kiboksi cha chuma, kidogo kuliko kiberiti, kinafungwa juu kabisa karibu na antena, kinakuza mawimbi kabla hayajapotelea kwenye kebo.

Nikaagiza yangu. Ikasafiri wiki kadhaa mpaka ikafika kwa basi, imefungwa kwenye boksi la dawa ya meno.

Na mimi mwalimu wa fizikia, mtu ninayefundisha volti kidato cha pili, nikaiua siku hiyo hiyo.

Ilikuwa hivi. LNA ile ilitaka volti tano. Mimi nilikuwa na adapta ya zamani ya king'amuzi, ya volti kumi na mbili. Plagi yake ikaingia vizuri kabisa, kama vimezaliwa pamoja. Nikaamini plagi. Sikusoma maandishi, sikupima kwa mita, nikawasha.

Hakukuwa na mlipuko. Ilitoka harufu tu, kama nywele zilizoungua, halafu kiboksi kikawa cha moto kiganjani. Basi. Imeisha.

Mama Neema alikuwa anapepeta mchele. Akanusa, akauliza, "Ni hicho kilichokuja juzi?"

"Ndicho."

"Kimeshaanza kazi?"

"Kimeshamaliza."

Hakucheka. Alinionea huruma, na hiyo iliuma zaidi.

LNA ya pili niliagiza ile inayopandishiwa umeme kupitia kebo yenyewe ya antena. Hii njia inaitwa bias tee. Dongle inatoa volti nne na nusu hivi, umeme unapanda juu kwenye waya ule ule ambao mawimbi yanashukia, na vyote havigombani. Huhitaji adapta wala waya wa pili juu ya nguzo.

Safari hii nilikuwa mpole. Nilipima volti kwa mita kabla ya kuunga. Nilisoma ile karatasi mara tatu. Nikahakikisha pia kwamba nikiondoa LNA nazima na bias tee, maana kuna antena ambazo chuma chake kimeungana kuanzia waya wa katikati mpaka wa nje. Ukizipandishia umeme unakuwa umepiga shoti, na dongle ndiyo inaumia.

Ikawaka. Nikasubiri satelaiti ya saa nne asubuhi, Jumamosi.

Nikapata takataka.

Kioo chote kilijaa ukungu. Mawimbi ya satelaiti yalikuwepo, nilikuwa nayaona kwa mbali yakipita ndani ya ukungu kama mtu anayevuka barabara wakati wa vumbi la malori, lakini programu haikuweza kuyashika. Picha ikatoka vipande viwili vyembamba, kwingine kote ni mistari myeusi.

Jumapili hivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo.

Kelele ya namna hii haisikiki kwa masikio. Inatoka kwenye vifaa vya umeme: chaja, taa, TV, chochote chenye saketi ya kubadilisha umeme harakaharaka. Kila nilichosoma mtandaoni kilisema mtuhumiwa mkubwa ni mitambo ya sola. Inveta na vidhibiti vya chaji.

Nikainua macho. Hatua kama nane kutoka kwenye nguzo yangu ya antena, ng'ambo ya ukuta, kulikuwa na paneli nne za sola.

Za Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni jirani yetu, mjane, mtu mzima, mama wa mapacha ambao sasa wameshaoa na kuhamia mbali. Ana duka la maziwa na maji baridi. Aliamua duka lote liendeshwe na sola, kwa sababu umeme wa gridi ukikatika maziwa yanamharibikia. Paneli juu, betri na inveta ndani, friji kubwa la kulala, na waya wa gridi haugusi kabisa duka lile. Kumbukeni hilo, wakuu.

Mjue pia kwamba huyu ndiye aliyembeba Neema mgongoni siku ambayo mke wangu alipandwa na homa nami nikiwa kwenye usimamizi wa mitihani. Alifunga duka akashinda kwetu. Kwa hiyo tunapoongelea jirani, hatuongelei mtu wa kusalimiana tu.

Nikaenda kumuona. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa adabu, nikimwita mayu, yaani mama. "Mayu, nina shughuli yangu ya redio. Nadhani inveta yako inaniingilia. Nakuomba uizime dakika kumi na tano tu, satelaiti ikipita, nione."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima anayeomba pipi. "Satelaiti inapita wapi?"

"Huku juu."

Akatoka nje, akaangalia juu, akarudi. "Haya Mwalimu. Uje uniambie lini nizime na lini niwashe."

Lini nizime na lini niwashe. Nayashikilia maneno hayo mpaka leo.

Mara ya kwanza akazima. Ukungu ukabaki vile vile.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikajiambia labda ni kidhibiti cha chaji, kinafanya kazi hata inveta ikizimwa. Nikamuomba mara ya pili azime na swichi ya paneli. Akazima. Ukungu upo. Nikajiambia labda ameacha kitu.

Katikati ya hayo nikasafiri kwenda Mwakitolyo kwa shemeji yangu Shija, kaka yake Mama Neema. Ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wenyewe wanaita karasha. Nilibeba kila kitu kwenye begi: laptop, dongle, LNA, antena. Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunganisha gari lingine, na mwisho bodaboda.

Jumapili mashine zikiwa zimelala, nikaenda kwenye shamba la karanga nyuma ya nyumba yake. Nikasimamisha antena kwenye fimbo. Satelaiti ikapita.

Wakuu, picha ilitoka safi kama maji ya kisima. Ziwa lile pale. Mawingu yamekaa upande wa Burundi. Niliruka, na sioni aibu kusema.

Shija akaja kuangalia, mikono nyuma. "Shemeji, kumbe kweli."

"Umeona? Huku hakuna inveta. Kwa hiyo mchawi wangu ni inveta ya jirani."

Akafikiri. Shija hakusoma sana, ila maisha yake yote anatafuta hitilafu kwenye mashine. Akasema, "Lakini umekuja huku na begi moja tu. Vitu vya nyumbani kwako umeviacha vyote. Utajuaje ni kipi?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi.  Nilikuwa nimeshafunga kesi.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana sehemu inayofuata ndiyo mke wangu alinirekebisha. Nilikuwa nimeandika "kulitokea kutoelewana". Akaniambia, "Andika ulichofanya."

Sawa. Nilichofanya ni hiki.

Jumamosi moja nikaenda kwa Mama Kulwa saa tatu na nusu, nikamuomba azime tena, mara ya tatu. Asubuhi hiyo alikuwa amepokea lita arobaini za maziwa mabichi, bado yana uvuguvugu wa ng'ombe. Kulikuwa na familia ya kipaimara iliyoyaagiza kwa chai ya wageni Jumapili. Akasita. "Leo nina maziwa ya watu, Mwalimu."

"Dakika ishirini tu, mayu. Nitakuja mwenyewe kukwambia uwashe."

Akazima.

Nikarudi kwenye kioo. Muda huo huo Mama Kulwa akapigiwa simu, dada yake amezidiwa, amelazwa Geita. Nikamuona akifunga duka, akipanda bodaboda kwa haraka. Nilimuona kwa macho yangu. Nikadhani ameshawasha.

Sikudhani. Tuwe wakweli, sikufikiria kabisa. Satelaiti ilikuwa imeshachomoza, macho yangu yalikuwa kwenye laptop, na ilipozama nikaanza kucheza na mipangilio ya programu. Saa zikaenda. Duka lililofungwa, jua la Katoro juu ya bati, friji limezimwa, maziwa ndani.

Alirudi saa kumi na moja jioni. Nilisikia kufuli, halafu mfuniko wa friji.

Nikaenda mbio. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi, ameonja. Hakupiga kelele. Alisema, "Yamekatika yote. Na watu wa kipaimara nimewaambia wasitafute kwingine."

Hapo ndipo mtu anapoomba radhi. Mimi nilisema samahani, ni kweli, lakini nikaongeza, "Ila mayu, hiyo inveta yako ni mbovu. Ingekuwa nzima tusingefika huku."

Maneno hayo yalitoka kwenye mdomo huu huu ninaofundishia.

Akaweka kikombe chini. "Sikudai kitu, Mwalimu. Ila usinizimishe tena."

Jioni ile alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta maziwa ya watu wake. Aliyapata nusu. Nilijua kwa sababu Mama Neema alikwenda naye, mimi nikabaki nyumbani na Neema.

Wiki tatu.

Nilikuwa nikimwamkia asubuhi, "Shikamoo mayu." Anajibu, "Marahaba." Anaendelea kufagia. Haongezi hata "za kuamka". Kama hujaishi mtaa wetu huwezi kuelewa uzito wa marahaba isiyo na kitu nyuma yake. Neema alizoea kwenda pale kupewa kikombe cha mtindi. Aliendelea kupewa, maana mtoto hana kosa, ila alikuwa anarudi mapema.

Na mimi, mkaidi, nilikuwa nimeanza kuandika kwenye daftari hoja za kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwamba mitambo ya sola inahitaji utaratibu. Nilifika hoja ya tano.

Halafu Jumamosi moja, saa nne kasoro, umeme wa gridi ukakatika mtaa mzima.

Laptop ilikuwa na chaji, ikaendelea. Na mbele ya macho yangu, ukungu ukafutika. Pa! Kama mtu amepitisha kitambaa kwenye kioo. Chini yake ikabaki rangi nyeusi safi, tulivu, kama ile ya shamba la karanga.

Nilishangilia sekunde mbili.

Kisha nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta. Friji la Mama Kulwa. Linanguruma. Mteja anaomba maji baridi, anapewa maji baridi. Sola yake inafanya kazi yote, inveta imewaka, kidhibiti kimewaka, jua limewaka.

Na ukungu haupo.

 Niliyemtuhumu alikuwa kazini muda huo huo, hana hata doa. Kelele ilikuwa kwenye umeme wa gridi. Na sisi ndio wenye gridi.

Umeme uliporudi, ukungu ukarudi nao. Nikaenda kwenye boksi la umeme la nyumba yangu, laptop nimeiweka kwenye kiti mahali ninapoiona, bado iko kwenye betri. Nikaanza kushusha swichi moja moja. Taa za nje: ukungu upo. Jikoni: upo. Vyumbani: upo. Soketi za sebuleni.

Ukafutika.

Nikaipandisha tena. Sebuleni nikachomoa kimoja kimoja. TV, bado. King'amuzi, bado. Chaja ya simu, bado. Hakuna kilichobaki na ukungu upo! Nikamwita Mama Neema. "Kuna kitu kingine hapa kinatumia umeme?"

Akasema bila hata kufikiri, "Na ile ya nyuma ya kabati?"

"Ipi?"

"Si ile uliyofunga mwenyewe, ya antena ya zamani."

Tukasogeza kabati. Nyuma yake, ndani ya vumbi, adapta ndogo nyeusi imechomekwa, ina joto kama yai lililotoka kutagwa. Wakuu, ilikuwa ya busta ya antena ya TV. Kabla hatujanunua dishi tulikuwa na antena ya juu, na mimi niliifungia busta ili picha ikae vizuri. Dishi likaja, antena ya TV ikabaki juu ya nguzo, busta ikabaki pale, adapta ikabaki imechomekwa. Miaka.

Na nguzo hiyo, msishangae, ndiyo hiyo hiyo niliyofungia antena yangu ya satelaiti. Mita moja chini.

Nikachomoa. Nyeusi safi. Nikachomeka. Ukungu. Nikachomoa.

Nikapanda ngazi, nikafungua kiboksi cha busta. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, kutu imetapakaa, sisimizi wamefanya makazi. Amplifier ikiharibika hivyo inaweza kuacha kukuza ikaanza kupiga kelele yenyewe, inarusha uchafu kila upande. Ile yangu ilikuwa inapiga kelele mita moja kutoka kwenye LNA, na LNA kazi yake ni kukuza kila inachosikia. Nilikuwa nimenunua sikio jipya nikaliweka kwenye mdomo wa mlevi.

Nikashuka na busta mkononi. Mama Neema amesimama chini ya ngazi. Akasema, "Sasa nenda. Na usiende na mita wala bisibisi. Nenda na mdomo."

Nilikwenda. Hatua nane zile zilikuwa ndefu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Kelele ilikuwa kwangu. Kifaa nilikifunga mwenyewe, nikakisahau. Inveta yako haikuwa na kosa."

Alikuwa anamimina maziwa kwenye chupa. Hakuacha. "Kwa hiyo muda wote ule ni kwako?"

"Ni kwangu."

"Na maziwa?"

"Na maziwa ni mimi. Hata kama inveta ingekuwa mbovu, maziwa ni mimi. Nilisema nitakuja kukwambia uwashe, sikuja."

Akafunga chupa. Akaifuta. Akaiweka kwenye friji. Halafu akakaa kwenye kiti chake, akapumua, na akaniambia kitu ambacho sikutegemea.

"Basi hebu njoo unuse huku nyuma."

Nyuma ya friji, kwenye kiboksi cha mbao alichowekea betri, kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua. Nikafungua. Waya wa kutoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ulikuwa mwembamba kuliko mzigo wake, haukuwa na fyuzi hata moja, na kiungo kimoja kilikuwa kimelegea mpaka ganda limeyeyuka. Ubao ulikuwa mweusi pale waya ulipolalia. Ukiugusa, unaacha masizi kidoleni.

"Mayu, hii harufu imeanza lini?"

"Wiki mbili."

"Mbona hukuniita?"

Akaniangalia. "Ningekuitaje? Ulishasema inveta yangu mbovu. Ungeniambia, 'Si nilikwambia?'"

 

Wiki mbili mama wa watu analala ukuta mmoja na waya unaoungua, fundi yuko hatua nane, na kinachomzuia kuita ni maneno yangu. Maziwa yanauma, lakini hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Tulizima kila kitu pale pale, maziwa yakahamia kwenye friji letu. Nilishinda kule siku nzima. Waya mnene, vichwa vya waya vilivyobanwa kwa koleo, sio kuzungushwa kwa mkono. Fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, ili shoti ikitokea popote mbele iikute fyuzi kwanza. Betri nikaitoa kwenye boksi la mbao nikaiweka juu ya matofali penye hewa. Jioni nikashika waya friji likiwa kazini. Wa baridi.

Mama Kulwa naye akaushika. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Baba Neema."

Baba Neema, sio Mwalimu. Nilirudi nyumbani natabasamu kama mjinga.

Naona kwenye rasimu nimesahau kusema ya picha, na kuna watu watakasirika.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watano uani: mimi, mke wangu, Neema, Mama Kulwa, na Shija aliyekuwa amekuja Katoro kutafuta kipuri. LNA juu, chini kidogo tu ya antena. Nilikuwa nimeongeza kichujio cha kuzuia stesheni za FM, maana mnara wa FM uko karibu na nguvu yake ilikuwa inailevya LNA. Kebo ya USB nimeivisha vile vipete vyeusi vya feraiti vya kuzuia kelele, nilivyokata kwenye nyaya za monita mbovu za shule. Laptop iko kwenye betri, chaja imechomolewa.

Satelaiti ikatokea kusini. Picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari, bila doa.

Mama Kulwa alivuta kiti. "Hili ndilo ziwa?"

"Ndilo."

"Na sisi?"

Nikamwonyesha kwa kijiti, chini ya ziwa, upande wa magharibi. Akaangalia kwa muda mrefu. "Kumbe tumekaa karibu na maji hivi. Na hili jeupe?"

"Mawingu. Yako upande wa Bukoba, yanaelekea huku."

Shija akamuuliza Neema anaona nini. Neema akasema anaona chapati iliyoungua pembeni. Tulicheka mpaka satelaiti ikazama na mimi sijahifadhi faili vizuri. Kipande cha mwisho kilipotea. Sikujali.

Nilichojifunza, kwa ufupi. Upande wa redio: kabla hujatoka nje kutafuta mbaya wako, weka laptop kwenye betri, shusha swichi za nyumba yako moja moja, na utazame kioo. Inachukua robo saa. Amplifier yoyote, pima volti kwanza, na usikubali plagi ikushawishi. Usiache busta ya zamani ikila umeme juu ya nguzo. Na kila betri iwe na fyuzi yake, hata kama ni ya taa moja.

Upande wa maisha: mimi nilijua fizikia yote iliyohitajika tangu siku ya kwanza. Jaribio ambalo lingenionyesha ukweli nimelifundisha darasani: badilisha kitu kimoja, viache vingine. Sikulifanya kwangu kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini kwamba kosa liko ng'ambo ya ukuta.

Sasa nanyi nipeni yenu. Kuna mtu wa Ushirombo, Kahama, au huko machimboni anayepokea satelaiti karibu na karasha au jenereta? Unafanyaje? Na wale mliowahi kumtuhumu jirani kwa kitu kilichokuwa chumbani kwenu, msinione peke yangu, semeni. Mwenye kunicheka acheke tu, nimeshachekwa na walio karibu zaidi.

Nawaacha kidogo, Mama Kulwa anagonga. Anauliza kama leo mvua itanyesha, ana mahindi juani.